Asilimia si ramli



Kila mara matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, kazi ambayo hakuna aliyetuagiza huanza mbele ya kanisa, nayo ni kupiga ramli. Fulani amepata 68, udaktari ni wake. Fulani ana 53, aende ualimu (kana kwamba ualimu ni jalala). Sisi walimu na makatekista ndio tunaotabiri kwa sauti kubwa kuliko wote, na twatabiri vibaya.

Tuitazame namba yenyewe. Mtihani huo, tulio nao tangu 1967, huishia kwa siku nne za maswali ya kuchagua jibu: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni. Afikaye 50 amefaulu. Namba yaeleza siku hizo zilivyokwenda. Haisemi kwamba mwenye 60 ya ualimu na mwenye 60 ya biolojia na kemia wanajua mambo yale yale. Wala haimtambui aliyekimbia Djugu na kusoma mwaka mzima akilala katika kambi ya wakimbizi.

Wengine hutaja Harvard. Huko hupokewa chini ya 5 katika kila waombaji 100, na kijana hujiambia kwamba basi bahati yake ni 5 kwa mia. Sivyo. Hesabu hiyo ni ya umati mzima. Ndani yake yumo mwenye tumaini kubwa kuliko hilo, na yumo asiye na lolote kwa kuwa Kiingereza hakijui.

Kwetu, tena, mambo yamegeuka. Katika vyuo vyetu vingi diploma ya Serikali hufungua mlango bila taabu kubwa. Mchujo wenyewe huja mwaka wa kwanza, ng'ombe amekwisha kuuzwa. Basi kuuliza «atapokewa?» ni kuuliza jambo rahisi. Ulizeni kama atabaki. Je, aweza kuandika ukurasa mmoja wa Kifaransa bila msaada? Akienda Graben kule Butembo, karo ya mwaka wa pili italipwa na nani, na njia ya Komanda ataipitaje?

Tulimwambia msichana mmoja wa parokia yetu, mwenye 54, asijaribu uganga. Tulikuwa na hakika. Hatukumwuliza kemia ilikwendaje, wala hatukufungua daftari lake hata moja. Alitutii. Leo anauza mawese sokoni, nasi twanunua kwake. Huenda tulisema kweli. Hatutajua kamwe, wala yeye hatajua. Na hapo ndipo ubaya wetu ulipo: kumkatisha kijana tamaa hakumgharimu mshauri kitu. Akijaribu na kuanguka, tulimwonya. Asipojaribu, hakuna wa kutusahihisha.

Wapo pia wasemao kwamba asilimia ni bure, atafutwe mtu wa ndani apewe bahasha. Hao wanauza mlango ambao mara nyingi uko wazi, na mwaka wa kwanza hawaonekani.

Matokeo yajayo yakitoka, anayetaka shauri letu aje na madaftari yake ya miaka miwili ya mwisho, pamoja na mzazi au mlezi atakayelipa. Tutasoma kwanza, tutahesabu fedha, kisha tutauliza asilimia.