Kituo cha Mashua Kisifanane na Benki

Wasee, leo nina maoni kuhusu kuta. Siku kaunti yoyote ya Pwani itaamua kujenga kituo cha umma cha kufundisha vijana kuendesha mashua za tanga, naomba kitu kimoja tu: msitujengee benki. Mnaijua hiyo dizaini. Vioo vya buluu mbele, AC nyuma, askari getini. Stima ikipotea, ni giza na jasho.

Mimi ningesimamisha kuta za polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga lakini haionyeshi wazi kilicho nyuma yake. Ni ndugu ya zile shiti ambazo mafundi huchanganya na mabati kwenye gereji ndiyo ndani kuonekane.

Kazi ya mashua ni kazi ya macho. Kushona tanga au kutafuta ufa kwenye ubao kunahitaji mwanga mwingi, uliosambaa, usiochoma macho. Mwanga ukipita kwenye hiyo plastiki hutawanyika, unakuwa laini kama ule wa chini ya tanga mchana. Halafu kuna hii ambayo hunibamba zaidi: miale ya UV hula vitambaa vya matanga ya kisasa, nailoni na poliesta, na polikaboneti huzuia karibu yote. Kwa hivyo stoo inapata mwanga na matanga (ya mashua, si ya mazishi) yanadumu.

Lakini si kwenye paa, tafadhali! Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua liko karibu na utosi. Ukiezeka plastiki hapo juu umejenga tanuri, na watoto wa watu wataiva. Paa liwe la kuzuia jua, lenye ukingo mrefu. Kuta za kaskazini na kusini ndizo zilete mwanga. Mashariki na magharibi ziba, maana jua la asubuhi na la jioni huingia chini ya ukingo wowote. Chini ya shiti acha nafasi ya upepo. Kusi ikivuma inapita ndani, Kaskazi ikija nayo pia inapita. Ni pepo zilezile zinazosukuma mashua, za bure, na bado kuna mtu anataka kununua AC.

Kuna shida moja inanikera kuliko bili ya stima. Mtoto wa mvuvi amekulia kwenye ngalawa, lakini akisikia klabu ya mashua anafikiria ukuta mrefu na watu wa pesa. Ukuta wa mawe unamwambia apite. Ukuta unaopitisha mwanga unamwonyesha vivuli vya watu wanaoinua mlingoti, na jioni taa zikiwaka jengo zima linang'aa kama karabai. London kuna shule ya densi inaitwa Laban, kazi ya Herzog & de Meuron, imevikwa polikaboneti yenye rangi, na mtu wa nje huona vivuli vya wanaocheza. Ilishinda tuzo ya Stirling 2003. Ikiwa densi inaweza kuonyeshwa mtaani hivyo, kwa nini tanga lifichwe?

Najua mtasema itageuka njano. Itageuka, kama fundi ataharakishwa. Upande mmoja wa shiti ndio wenye kinga ya jua, na ukigeuzwa ndani, kwisha. Shiti ya mita 6 ikipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka zaidi ya sentimita 1, kwa hivyo tundu la skrubu lazima liwe pana kidogo, la sivyo itapasuka. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma. Na ncha za shiti zifungwe, manze, ama ndani ya mifereji yake utafuga ukungu wa kijani. Hayo yote mafundi wetu wanayaweza wakilipwa vizuri na kupewa muda.

Na kama kuna msee anadai plastiki haina heshima mbele ya bahari, aulize Lamu kuhusu Flipflopi. Ni jahazi la mita 9 hivi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini 2018. Mwaka uliofuata lilienda na tanga lake mpaka Zanzibar.