Daftari la wiki: Ampli ya chumbani

Jumatatu

Saa nne asubuhi jirani aligonga mlango. Alikuwa na kitenge begani na macho mekundu. Yuko posti ya usiku mgodini, anarudi alfajiri, na saa hizo ndizo usiku wake. "Yaya, unapiga vizuri," akasema, "ila ukuta wetu ni mmoja." Nikamwomba radhi, nikachomoa waya. Ampli yangu ni ya wati 50, ya tangu enzi nilipokuwa napiga kanisani, na nilikuwa nimeifungua kidogo mno, kitufe kikikaribia sifuri. Kambove ni mji wa zamu: saa yoyote utakayoshika gitaa, kuna mtu jirani aliyelala kwa haki yake. Nimeamua kutafuta ampli ya chumbani.

Jumanne

Kijana anayekuja kwangu kujifunza ameniuliza kama wati 5 zitatosha nyumbani. Zitatosha na kuzidi. Sikio halihesabu wati kama mkono unavyohesabu noti. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, nguvu inabidi iongezwe kama mara kumi. Kwa hiyo wati 50 hazipigi kelele mara hamsini ya wati 1, zinapiga kama mara tatu na kidogo. Hata wati 1 ikifunguliwa yote inamwamsha aliyelala.

Lakini wati si kiini cha shida. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vyao vya usikivu wa binadamu, na jambo moja walilolionyesha kila mpiga gitaa analijua kwa mateso: sauti ikishuka sana, besi ndiyo ya kwanza kupotea sikioni. Gitaa linasikika jembamba, kama bati. Basi mpigaji anaongeza besi ili apate utamu wake. Na besi hiyohiyo ndiyo inayopenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Yeye hasikii vya kutosha, jirani anasikia kupita kiasi.

Jioni niliitoa ampli sakafuni, nikaiweka juu ya kiti, chini yake blanketi lililokunjwa mara nne, spika ikinielekea usoni. Siku zote ilikuwa inavipigia muziki vifundo vya miguu yangu, nami naongeza sauti ili niisikie! Sasa nimeipunguza tena, besi nimeishusha, na kila uzi naupata. Fanya hivyo kwanza kabla hujatoa pesa yoyote.

Alhamisi

Kuna wanaosema: kama unataka utulivu, piga gitaa la umeme bila kulichomeka. Mimi sikubali. Usipolisikia gitaa lako vizuri unaanza kuzikwaruza nyuzi kwa nguvu, na mkono ukishazoea hivyo unachukua miezi kuurudisha.

Nasema hivi kwa sababu ya mkono mmoja ninaouheshimu kuliko yote. Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapa jirani, Likasi, ambayo wakati huo iliitwa Jadotville, na wimbo "Masanga" ukatoka humo. Gitaa kavu, hakuna umeme. Kidole gumba na cha shahada tu, na humo mna besi, mna sauti ya juu, mna mdundo. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia. Anayemsikiliza leo na asikilize gumba lake: halilingani mara mbili, mara linagusa, mara linasukuma.

Kipimo cha ampli ya nyumbani nakichukua hapo. Iwe ndogo itakavyo, inionyeshe tofauti kati ya kugusa na kusukuma. Siku hizi zipo zinazobeba milio kadhaa, mingi ya roki yenye mikwaruzo. Kwa muziki wetu, wa Katanga na hata wa sebene ya Kinshasa, unahitaji mlio mmoja: safi, wenye mwangwi kidogo. Mingine utaijaribu siku ya kwanza, kisha hutaigusa tena.

Ijumaa

Umeme ulikatika saa kumi na mbili na nusu. Giza, watoto wakaanza kuimba uani. Ampli isiyokula betri hapa kwetu ni nusu ya ampli. Roland Micro Cube inatumia betri sita za AA, Yamaha THR10 nane. Kuna pia kidude cha Vox, amPlug, kinachoingia moja kwa moja kwenye tundu la gitaa: unavaa hedifoni, nyumba nzima haijui unapiga. Ni kizuri kwa usiku wa manane. Lakini usikifanye ndiyo mazoezi yako yote. Masikio yanachoka, na mtoto akikuita humsikii.

Tena, soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Miaka iliyopita niliuziwa ampli iliyotoka Marekani, ya volti 120. Hapa umeme wetu ni wa volti 220. Ilidumu kwa muda wa mpigo mmoja wa nyuzi, kisha moshi.

Jumapili

Uamuzi wangu: wati 3 hadi 5, ya betri, yenye tundu la hedifoni na mlio safi. Ukienda kununua Likasi au Lubumbashi, nenda na gitaa lako mwenyewe. Muuzaji atataka kukuonyesha nguvu, duka zima litikisike. Mwombe aishushe mpaka uweze kuzungumza naye bila kupaza sauti, halafu piga taratibu kwa kidole gumba. Kama uzi wa chini bado unasikika wazi hapo, lipa uende nayo nyumbani.