MAONI YETU: TAKA ZA MJI NA BARABARA ZA VISIWA

Magari hubeba taka za Mji na kuzipeleka jaani Kibele. Malori mengine hubeba mawe na kifusi kutoka mashimoni na kuvipeleka kwenye barabara. Safari zote mbili hulipiwa kwa fedha ya umma. Sisi twauliza: kwa nini ya kwanza isiisaidie ya pili?

Visiwa vyetu ni vidogo. Shimo la kifusi halirudi kuwa shamba kwa muda mfupi, na mkulima aliyepoteza ardhi hana nyengine ya kuhamia. Lami nayo haitoki kwetu; twainunua nje.

Jambo hili si ndoto. Huko Madurai, kusini ya India, mwalimu wa kemia Rajagopalan Vasudevan alionesha njia yake, na uvumbuzi huo ukasajiliwa mwaka 2006. Mifuko na vikombe vya plastiki husafishwa na kukatwakatwa. Kokoto hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 160 au 170, kisha plastiki hunyunyizwa juu yake, ikayeyuka na kuivika kila kokoto ngozi nyembamba. Ndipo lami inapomiminwa. Maji hayapati mwanya wa kupenya, na lami hushika vyema. Kilomita 1 ya barabara nyembamba hula takriban tani 1 ya plastiki, na lami hupungua kwa kadiri hiyo. Mwaka 2015 Serikali ya India iliagiza njia hii itumike katika barabara zilizo karibu na miji mikubwa.

Wala si plastiki peke yake. Mjini Surat, mwaka 2022, ilifunguliwa barabara iliyojengwa kwa mavi ya chuma. Singapore, ambao ni watu wa kisiwa kama sisi, huchoma taka zao na tangu mwaka 1999 huyazika majivu yake Semakau. Walipokadiria kuwa jaa hilo litajaa mnamo mwaka 2035, wakaanza kuyajaribu majivu hayo katika ujenzi wa barabara. Sisi hatuna viwanda vya chuma, lakini tunavyo vifusi vya majumba yanayobomolewa, chupa za mahoteli na mipira ya magari.

Hata hivyo hatusemi kila uchafu utiwe lami. Plastiki ya mabomba, iitwayo PVC, ikipata moto mkali hutoa gesi ya sumu, na wa kwanza kuivuta ni kibarua aliyesimama kando ya pipa. Na barabara ikisagika, chembe za plastiki zaweza kuteremka na maji ya mvua hadi baharini, nako ndiko tupatako kitoweo. Anayetaka kuharakisha kazi bila ya kupima mambo haya hatutamuunga mkono.

Kwa hivyo twaitaka Serikali mambo manne. Kwanza, ijenge kipande kifupi cha majaribio, Unguja na Pemba, kipite masika mawili, na matokeo yatangazwe hadharani. Pili, vibarua wapewe zana za kujikinga, na moshi na maji yanayotiririka vipimwe. Tatu, wanaookota taka, wengi wao wakiwa maskini, walipwe kwa uzito bei inayojulikana, wala kazi yao isigeuzwe kuwa mkataba wa bwana mmoja. Nne, isiruhusiwe hata meli moja kutuletea taka za nchi za kigeni kwa kisingizio cha barabara. Tunazo zetu, zatutosha.

Twajua tutaambiwa kuwa upinzani hauna kazi ila kulaumu. Hapa hatukulaumu, tumetoa shauri. Likikataliwa, Serikali iwaeleze wananchi sababu yake.

Ndugu wanachama, lichukueni suala hili katika kila shehia. Waulizeni Wawakilishi wenu: kilomita moja ya barabara yetu yagharimu kiasi gani, kifusi chake kilichimbwa katika shamba la nani, na mwenye shamba alilipwa nini? Majibu mtakayopewa, tuleteeni.