UZITO WA RISASI NA MZIGO WA MLINZI



Makorokoroni wa hoteli za Diani na wa maduka ya Ukunda tangu zamani hulinda kwa rungu, tochi na filimbi, na wengi wao hata leo hawana zaidi ya hivyo. Lakini matajiri wenye cheti cha bastola wapo pwani yetu ya kusini, na katika mazungumzo ya walinzi mabishano hayeshi: bastola ya milimita 9 itiwe risasi nyepesi au nzito? Wako wasemao nzito ndiyo imwangushayo mtu. Wako wasemao nyepesi, kwa kuwa yaenda mbio. Twaona neno hili lafaa kujibiwa wazi, kwa maana asimamaye langoni usiku si tajiri, ni mfanya kazi.

Kwanza tuelewane juu ya hesabu. Nambari iliyopigwa juu ya sanduku, 115 au 124 au 147, si uzito wa risasi nzima pamoja na ganda na baruti yake. Ni uzito wa kichwa peke yake, kile kitokacho mtutuni. Kipimo chake ni greni, na greni 7,000 ni ratili moja. Basi kichwa cha greni 115 ni kama gramu 7 na nusu, na cha 147 ni kama gramu 9 na nusu. Tofauti yao ni gramu 2. Chepesi hutoka kwa mwendo wa kama mita 360 kwa sekunde, kizito kama mita 300, yaani chini ya mwendo wa sauti. Ukizipigia hesabu nguvu zao utaona haziachani sana, na pengine ile nyepesi huipita nzito kidogo. Asemaye kwamba nzito ina nguvu maradufu anajidanganya, na akiwa ni mwuza risasi anatudanganya sisi.

Umbo la kichwa lina neno kubwa kuliko uzito. Kichwa kilichofunikwa madini chote huweza kupita mwilini na kutokea upande wa pili. Chenye tundu mbele hupanuka na kukawia ndani. Huko Miami, Marekani, tarehe 11 Aprili 1986, askari wa FBI walipambana na wezi wawili wa benki. Risasi moja ya greni 115, ya namna hiyo ya kupanuka, ilimwingia mwizi mmoja ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupiga. Askari wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Baada ya siku ile FBI walitaka kila risasi iingie si chini ya inchi 12 katika jeli ya kujaribia. Wakachukua greni 147, kisha wakaiacha milimita 9 yenyewe kwa bastola kubwa zaidi, na baada ya 2014 wakairudia milimita 9. Karibu miaka 30 ya kubishana, na kwa fedha za serikali tajiri!

Turudi kwetu. Ukuta wa mbao, bati au makuti hauzuii risasi ya bastola, iwe 115 au 147. Nyuma ya mwizi wa Diani yuko mgeni aliyelala, yuko mpishi anayetoka zamu, yuko kijana wa bodaboda anayengoja abiria. Hao ndio wa kufikiriwa kwanza.

Kwa mwenye cheti basi, shauri letu ni hili: atumie uzito aliotaja mtengenezaji wa bastola, aujaribu katika bastola ile ile, maana nyingine hukwama kwa risasi zisizoipenda. Kwa milimita 9, greni 124 ni ya katikati na haina matata mengi. Bastola ya kuzunguka ya .38 mara nyingi shabaha yake imewekwa kwa greni 158, na nyepesi hupiga chini. Tena afanye mazoezi kwa uzito ule ule anaoubeba, kwa sababu teke la bastola na mahali pa kupiga hubadilika. Hapa ndipo matajiri hukimbia. Sanduku moja hununuliwa, hukaa mtotoni miaka kwa miaka likila chumvi ya bahari mpaka maganda yaote kutu ya kijani, na hakuna aliyepiga hata risasi kumi.

Yako mabaya zaidi. Cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hupewa mtu aliyetajwa jina. Tajiri amwambiaye korokoroni, “Ishike hii mpaka asubuhi,” amemtupa katika kosa la jinai, hata risasi ikiwa nzuri namna gani. Wala silaha haifukuzi wezi siku zote, nyingine huwaita. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambulizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki. Ikiwa kituo kizima kilivamiwa, korokoroni mmoja na bastola ya kuazima atafanya nini?

Twawataka waajiri wafanye haya. Mlinzi asiye na cheti chake mwenyewe asipewe silaha. Aliye nacho alipiwe mafunzo na risasi za mazoezi, wala zisikatwe katika mshahara. Zamu ya usiku iwe ya watu wawili. Na kila mlinzi awe na bima iliyotakiwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007.

Mwanachama yeyote, tangu Likoni hata Msambweni na Lunga Lunga, aliyekabidhiwa bastola ya tajiri, amwone mwakilishi wetu kabla ya zamu yake ijayo. Jina lake halitatajwa.