Angalieni pale kwenye klempu

Makala ya panga za mwanga ni safi, ila mwandishi kaishia njiani. Kwamba upanga wa mwanga wa Luke katika Star Wars (1977) ni mpini wa flashi ya kamera ya Graflex, hilo wengi tunalijua. Roger Christian, mpambaji wa seti wa filamu hiyo, aliupata mpini huo kwenye duka la vifaa vya picha London. Kazi ipo pale kwenye klempu ya mpini huo. Kile kipande cha plastiki chenye vijicho vilivyopangana mstari kilitolewa kwenye kikokotoo cha zamani, ambako kilikuwa cha kukuzia tarakimu. Upanga wa Obi-Wan ndio kichekesho: una hata kishikio cha bomba la maji! Ila jamani, mkitengeneza nakala za panga hizi, msikate flashi ambazo bado ni nzima. Wapenzi wa kamera za zamani bado wanazihitaji.