Kopo la Kunasa Oili: Shahidi, Wala Si Mganga



Leo hebu tufungue boneti. Shemeji yangu ana pikapu ya dizeli inayovuta kwa magurudumu yote manne, nayo hubeba mizigo kati ya Ifakara na milima ya Mahenge. Pikapu hiyo ndiyo shamba lake; ndiyo hulipa kodi ya nyumba na mahitaji ya watoto shuleni. Aliposikia madereva wenzake wakilisifu kopo la kunasa oili, alinunua moja, akamkabidhi fundi alifunge. Hazikupita wiki tatu, injini ikalowa oili kila upande, na kijiti cha kupimia oili kikasukumwa nje ya tundu lake. Pikapu ililala siku kumi na mbili bila kazi. Kopo lilikuwa zima. Kosa lilikuwa katika ufungaji.

Yafaa kwanza tuelewe kazi ya kopo hilo. Moto unapowaka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka tumboni mwa injini. Humo hukutana na ukungu wa oili na mvuke wa maji. Gesi hiyo hapana budi itoke, la sivyo shinikizo litapanda. Magari ya zamani yaliitema nje kwa bomba lililoelekea chini. Mwaka 1961 jimbo la California, Marekani, liliagiza gesi hiyo irudishwe kwenye njia ya hewa ili iunguzwe tena, na utaratibu wa namna hiyo ndio uliomo katika magari ya leo.

Tatizo ni kwamba gesi hurudi pamoja na oili. Katika injini yenye turbo, oili hiyo hupaka kipoza hewa na njia ya kuingizia hewa. Ikikutana na masizi ya moshi unaorudishwa injini, hugeuka kuwa utando mzito mfano wa lami, na hewa ikakosa pa kupita. Kopo hukaa katikati ya safari hiyo: gesi huingia, hupita kwenye wavu au kichujio, oili hudondoka chini, na gesi iliyopungua oili huendelea na njia yake.

Basi si kila gari lina haja nalo. Injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, yenye silinda 6 na lita 4.2, haikuundwa na turbo wala kipoza hewa. Faida yake hapo ni ndogo.

Ukiamua kulifunga, zingatia haya. Kopo lishikizwe kwa bolti kwenye sehemu imara ya bodi, si kwenye bati jembamba, kwani barabara mbovu italing'oa. Likae mbali na ekzosi na turbo, mahali ambapo mkono utafika kufungua kizibo cha chini. Mpira utokao kwenye injini uteremke kuelekea kopo, usiwe na bonde la kutuamisha oili wala kona kali. Uachiwe nafasi kidogo ya kucheza, kwa sababu injini hutikisika ilhali bodi imetulia. Upana wake wa ndani usipungue ule wa mpira wa awali.

Na hapa ndipo alipokosea yule fundi. Alitumia mpira wa maji. Mpira wa maji ukikutana na oili na joto hulainika na kuvimba. Ule ulijikunja kwenye kona ukajifunga. Gesi ikakosa mlango, ikasukuma oili kupitia sili. Shinikizo likizidi, hata oili ya turbo hushindwa kurudi injini. Ikivujia kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli yaweza kuunguza oili yake yenyewe na kukataa kuzimika hata ukiutoa ufunguo. Kwa hiyo nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili na joto, hata kama bei yake inauma. Kichujio kilichoziba huleta balaa hilohilo. Kisafishwe au kibadilishwe kwa wakati.

Usikubali pia mpira wa kutokea uachwe ukining'inia na kutema moshi nje. Moshi huo huingia hadi ndani ya gari, ambamo mama na watoto wamekaa.

Mwezi wa kwanza fungua kopo kila wiki, upime kilichomo. Baadaye utajua kipimo cha gari lako. Utakuta uji wa rangi ya kahawia, mchanganyiko wa oili, maji na uchafu. Usiurudishe kamwe kwenye injini, wala usiumwage mtaroni. Uweke kwenye dumu pamoja na oili chakavu.

Mwisho, kopo ni shahidi, wala si mganga. Likijaa haraka kuliko ilivyo kawaida ya gari lako, linakueleza kuwa ringi au turbo imechoka. Kabla hujanunua, acha injini ingurume taratibu, ufungue kifuniko cha kutilia oili na kukilaza kinyume juu ya tundu. Moshi mwepesi si ajabu. Lakini kifuniko kikirukaruka na kutupwa, fedha ya kopo ipeleke kwanza kupima mgandamizo wa silinda. Shemeji yangu sasa hukagua mpira wake kila Jumamosi jioni, kabla ya kuoga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Safari njema, ndugu msomaji.