Bwawa Lililo Juu ya Mtaa Wako

Ndugu yangu, dada yangu, nikuulize kitu. Ule mto mkavu unaopita nyuma ya mtaa wenu, unajua maji yake hutoka wapi mvua ikinyesha? Siku moja fuata mkondo upande juu. Pengine utakuta tuta la udongo na nyuma yake bwawa, ama silanga kama wengine tunavyoita. Wengi wetu tumeogelea hapo utotoni. Wachache sana tumewahi kuuliza nani analitunza.

Bwawa dogo la udongo ni kitu cha maana. Mvua kubwa ikimwagika kule juu, tuta linayashika maji na kuyaachilia polepole, badala ya yote kuingia majumbani saa tisa usiku kwa mkupuo mmoja. Lakini ili lifanye kazi hiyo lazima liwe na nafasi. Bwawa lililojaa pomoni kabla ya mvua halizuii chochote. Na hapo ndipo penye ugomvi: mfugaji na mkulima wanataka lijae kwa sababu kiangazi kinakuja, na wewe uliye chini unataka libaki na nafasi. Wote mna haki. Shida ni kwamba wa juu ndiye anayeamua, na wewe hata hukuulizwa.

Mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, tulipanda vijana wanne kuangalia bwawa moja huku kwetu. Kando ya kila tuta huwa kuna mkondo uliochimbwa chini kidogo ya kimo cha tuta, ili maji ya ziada yapite hapo yasipande juu ya tuta lenyewe. Tukakuta huo mkondo umezibwa kwa magunia ya mchanga. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe akatuambia bila kuficha, "Tuliziba sisi wenyewe, wanangu. Kiangazi kile ng'ombe waliisha. Sasa maji yapotee hivi hivi nikiangalia?"

Kusema kweli sikuwa na jibu la haraka. Yule mzee si adui wa mtu. Lakini magunia yale yalikuwa yanatisha kuliko ufa wowote. Maji yakipanda juu ya tuta la udongo, yanaanza kulila. Mfereji mdogo unakuwa mtaro, mtaro unakuwa pengo, na kazi hiyo haichukui siku nyingi. Kuna pia hatari isiyoonekana, ya maji kupenya katikati ya tuta. Angalia upande wa chini: yakichuruzika maji safi, toa taarifa. Yakitoka yamebeba matope, usingoje kesho, kwa sababu tuta linaliwa kutoka ndani. Mashimo ya wanyama na mizizi ya miti mikubwa husaidia maji kupata hiyo njia. Na tafadhali, usiende kuyang'oa magunia mwenyewe bwawa likiwa limejaa. Maji ukiyafungulia ghafla, utakuwa umewaletea walio chini mafuriko yaleyale unayoyakimbia.

Solai tunaikumbuka. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, takriban wiki moja kabla ya Ramadhani ya mwaka ule kuanza, tuta la bwawa kwenye shamba moja kaunti ya Nakuru lilipasuka. Watu 48 walikufa, wengi wao waliokuwa ndani ya nyumba zao. Lile lilikuwa la kumwagilia shamba, lakini udongo haujui umejengwa kwa kazi gani. Kisha Aprili 2024 ikaja Mai Mahiu. Mwanzo tuliambiwa bwawa limepasuka, baadaye serikali ikasema ni maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya chini kuziba. Yaani bwawa ambalo hakuna aliyelijenga, na kwa hivyo hakuna aliyelikagua.

Siku chache baadaye Wizara ya Usalama wa Ndani ikatangaza kwamba mabwawa na hifadhi za maji 178 zilikuwa zimejaa au zinakaribia kujaa, na walio karibu wakapewa saa 24 kuhama. Sikatai, kuhamisha watu kulikuwa sawa. Lakini kwani orodha ya mabwawa huandikwa siku ya mafuriko? Mama mwenye watoto watano aliye bondeni alistahili kujua habari za bwawa lake Januari, jua likiwaka, sio usiku wa kubeba godoro kichwani.

Sasa hapa kuna sheria ambayo vijana wengi hatuitumii. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaweka muda: siku 21 kwa maombi ya kawaida, na saa 48 ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu. Sioni habari ya bwawa lenye nyufa juu ya nyumba za watu iwe nini kama si habari ya uhai. Afisa anaweza kubisha. Mwache abishe kwa maandishi, halafu upeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Barua unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria inasema hivyo wazi. Ipeleke kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, nakala kwa ofisi ya kaunti na kwa chifu. Usiandike insha. Uliza bwawa ni la nani, lina kibali au halina, lilikaguliwa lini mara ya mwisho na ripoti ilisema nini, na nani atawapigia simu walio chini maji yakifika kimo cha hatari. Ambatisha picha za simu zenye tarehe. Mwalike na yule mzee wa ng'ombe atie sahihi, maana bwawa likienda, na yeye maji yake yameenda.

Sisi barua yetu tulipeleka watu sita, ili isiwe ya kijana mmoja msumbufu. Ukifika mapokezi usikubali kuambiwa "acha hapo mezani." Omba mhuri na tarehe kwenye nakala yako, kwa sababu saa 48 zinaanza kuhesabiwa siku waliyoipokea.